Mpaka Ulipojadiliwa, Ulikuwa Wapi?



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu, likizo moja nikiwa nyumbani Bwera, baada ya swala ya Ijumaa tulitangaziwa mkutano wa gombolola: watu waseme kama wanataka Kasese igawanywe, Bwera iwe wilaya. Sikwenda; nilikuwa na mpira wa kuangalia. Jioni nikalalamika kwamba wakubwa wanatukatia mipaka wapendavyo. Babu akaniuliza: "Mjukuu wangu, ulikuwa wapi?" Nikainamisha kichwa.

Swali lile ni la dini. Kabla ya Uhud, Mtume (s.a.w.) aliona bora kubaki Madina, wengi, hasa vijana, wakataka kutoka. Akawasikiliza. Siku ile Waislamu wakapata msiba mkubwa. Je, shura ilifutwa? Hapana. Katika Surat Aal Imran, aya ya 159, Allah akamwamrisha awasamehe na ashauriane nao. Ikiwa mwenye kupokea wahyi aliamrishwa kushauriana, nani achore mpaka bila kuuliza watu? Na anayeulizwa akanyamaza ana udhuru gani?

Sisi wa Kasese tunajua gharama ya kutosikilizwa. Mwaka 1962 wajumbe wa Bakonzo na Baamba walitoka katika baraza la Toro, wakidai wilaya yao. Damu ilimwagika, na wilaya ikaja mwaka 1974.

Leo Ibara ya 179 ya Katiba ya 1995 inataja matakwa ya wananchi katika kuunda wilaya mpya, na Ibara ya 63 inaitaka Tume ya Uchaguzi ipitie upya majimbo baada ya sensa. Mlango upo, wa kuingia ni sisi.

Basi tuhudhurie. Wasomeeni wazee ramani. Ulizeni kama wilaya itaweza kujiendesha, na mama mjamzito wa mlimani atatembea umbali gani kufika hospitali. Semeni haki hata ikimkosesha jamaa yenu kiti. Na rai yenu isipopita, msimchukie jirani wa ng'ambo ya mpaka. Uhud ilifuatiwa na msamaha.

Nimejihusia mimi kwanza, kisha nyinyi. Allah atujaalie tuwe wenye kuonekana panapohitajika ushahidi wa haki. Amin.