Mungu Asiyegeuka

Tumfikiri mzee aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1940, katika nchi iliyoitwa Kongo ya Wabelgiji. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ikapata uhuru. Siku kumi na moja baadaye Katanga ikatangaza kujitenga, hata Januari 1963. Mwaka 1966 mji wake ukaitwa Lubumbashi. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire na jimbo lake Shaba. Mwaka 1997 majina ya Kongo na Katanga yakarudi. Mwaka 2015 jimbo likakatwa vipande vinne. Naye mzee hakuhama nyumba yake! Fedha nayo: mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Aliyeweka akiba sandukuni anaijua hesabu hiyo kuliko mwalimu. Hata Misa aliyoitumikia utotoni kwa Kilatini, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965) aliisikia kwa Kiswahili.

Basi mzee auliza: Nishike nini? Sisi twamjibu: Mungu hageuki. Ni kweli, Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulifundisha hivyo waziwazi mwaka 1870. Lakini tusilitoe jibu hilo upesi, kama mtu amwondoaye mwombaji mlangoni kwa senti moja. Maana mzee mwenye akili atasema: Jiwe nalo haligeuki, wala halisikii mtu akilia. Na kama Mungu amekwisha kuamua yote, nasali kwa nini?

Swali hili si utovu wa imani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliuliza katika karne ya 13. Akajibu kwamba hatusali ili tugeuze shauri la Mungu, bali tupate yale aliyokusudia tangu milele kutupa kwa njia ya sala. Sala imo ndani ya shauri lake, kama vile jembe limo ndani ya mavuno. Tena jiwe lenyewe hulika kwa maji. Agaukaye hupata asichokuwa nacho, ama hupoteza alichokuwa nacho. Mungu hapungukiwi na kitu, wala hapotezi. Upendo wake hauchoki, kwa kuwa haukuanza kwa wema wetu.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, nami nimo: twaichukua sifa ya Mungu na kuyavika mazoea yetu. Kuna waliolia Kilatini kilipoondoka, kana kwamba Mungu mwenyewe amehama. Huzuni yao ilikuwa ya haki, maana mtu hupenda sauti aliyosali nayo pamoja na mamaye. Lakini sauti si Yeye anayeitwa.

Mambo ya mwaka 1972 yalikuwa mazito zaidi. Serikali ilikataza majina ya Kikristu. Kardinali Malula wa Kinshasa aligongana nayo juu ya siasa hiyo, akakaa miezi kadhaa uhamishoni Roma. Waliobatizwa Petro na Maria wakaandikwa majina mengine katika vitambulisho. Lilikuwa jeraha, tusilipake asali. Je, alama ya ubatizo ilifutika? Haikufutika, si kwa sababu daftari la misioni lina nguvu kuliko daftari la serikali, bali kwa sababu Mungu hajutii neno alilompa mtu. Aliyelijua hilo aliweza kuitika jina jipya kazini pasipo hofu, hata pasipo kumchukia karani aliyeliandika.

Lakini tusimwambie mzee wetu kwamba akiba yake iliyogeuka karatasi si kitu, kwa kuwa mbinguni hakuna mabadiliko. Ilikuwa jasho lake, na labda karo ya wajukuu. Anayetumia umilele wa Mungu kumnyamazisha aliyeibiwa amemfanya Mungu kuwa lile jiwe. Mungu aliyechukia mizani ya udanganyifu katika siku za manabii anaichukia vilevile leo, sokoni na ofisini. Mzee na asali, na akiisha kusali aende kudai haki yake. Mungu anayemsikia jioni ndiye atakayekuwa pamoja naye asubuhi mbele ya meza ya karani.