Kodi ya Nyumba na Dhamiri

Tangu mwaka 2014 mauaji ya upande wa Beni yamewafukuza watu wengi makwao. Wakifika Butembo hutafuta chumba, na wapo wenye nyumba wanaowadai garanti ya miezi sita. Tena sheria ya nchi ya mwaka 2015 hairuhusu kupita miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa.

Je, kudai kodi ni dhambi? Hapana. Nyumba ni jasho la mwenyewe. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891, alitetea haki ya kuwa na mali. Lakini alifundisha pia kwamba kuwa nayo ni neno moja, kuitumia vema ni neno lingine.

Wengine hujibu: mpangaji amekubali mwenyewe. Ndiyo, lakini mama aliyesimama mvuani na watoto atakataaje? Chumba hakikuongezeka hata tofali moja. Kilichoongezeka ni hofu yake. Basi anayepandisha bei kwa sababu hiyo hatozi kodi ya chumba, anatoza kodi ya hofu.

Ndugu, sisi wa Kipese tulio na vyumba mjini, tupokee kodi ya haki tu. Mama wa Bwana wetu naye alikosa nafasi Bethlehemu.