Jicho, Dhana na Yakini

Mdaka-nzi wa milimani, ambaye jina lake la kisayansi ni Muscicapa adusta, ni ndege wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, mwenye urefu wa takriban sentimita 12. Anapatikana kandokando ya misitu ya Usambara, Kilimanjaro na Mlima Kenya. Hutua wima kitawini, akatulia, kisha huchomoka kudaka mdudu hewani na mara nyingi hurudi palepale. Anayemtafuta hufuata mwendo huo kuliko rangi. Ndege akiwa ametulia, jicho humpita, hivyo kutomwona si dalili ya kwamba hayupo.

Kumwona nako si kumtambua. Kuanzia Oktoba hadi Aprili hufika ndugu yake kutoka Ulaya, Muscicapa striata. Mgeni huyu ni mkubwa kidogo, ana mabawa marefu zaidi, na utosi na kifua chake vina michirizi. Mwenyeji ni mnene na mfupi, na kifua chake kina kivuli cha kijivu kisicho na michirizi dhahiri. Hata hivyo, makinda ya mwenyeji yana madoa, na alama iliyotegemewa huweza kupotosha.

Je, jicho hutosha kuleta yakini? Mwanafikra wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwamba jicho hukiona kivuli kimesimama ilhali kinasogea, na huiona nyota kuwa ndogo kama dinari. Akili ndiyo inayolikosoa. Sura ya At-Takathur katika Kurani nayo hutaja yakini ya elimu kabla ya yakini ya jicho. Mpangilio huo unaafiki hali ya msituni: asiyejua maana ya michirizi huweza kumwona ndege waziwazi na bado asijue amemwona yupi.

Alama moja huzaa dhana tu. Umbo, kifua, makazi na sauti vikikubaliana, dhana hukaribia yakini. Msimu nao ni ushahidi, ingawa hauonekani kwa macho: mwezi Julai mgeni yuko kwao Ulaya, na uwezekano wa kumkuta Usambara ni mdogo mno.

Alama zikipingana, hukumu iliyo sahihi ni kuandika "mdaka-nzi, aina haijatambuliwa". Maneno hayo yana yakini yake: yanasema kilichojulikana, na yanakomea hapo.