PESA YA PAMBA IMEKWENDA WAPI?

Kijana mwenzangu wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega! Siku ya malipo ya pamba mfuko umejaa. Bia, nyama choma, simu mpya, na marafiki ni wengi! Desemba ikifika unazunguka kukopa mahindi. Je, pesa imekwenda wapi?

Kumbuka mwaka 2019. Serikali ilitangaza shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu bila kulipwa. Bei haiko mkononi mwako. Mvua nayo haiko mkononi mwako. Iliyo mkononi mwako ni ile uliyokwisha kuipokea!

Soma Mwanzo 41. Yusufu alimshauri Farao atenge moja ya tano ya mavuno katika miaka 7 ya shibe, kwa sababu njaa ilikuwa njiani. Wewe ukipata 100,000, weka 20,000 kabla hujanunua kitu. Lipa deni. Na mahindi ya nyumbani usiyauze yote.

Mwana mpotevu wa Luka 15 alitapanya vyote, ndipo njaa ikaingia. Marafiki hawakuonekana! Lakini alipata akili, akarudi kwa baba yake, akapokelewa.

Ndugu yangu, sikudanganyi kwamba ukiokoka bei ya pamba itapanda. Lakini Yesu akiushika moyo wako, mkono wako utaacha kutapanya. Msimu ujao usikukute vilevile. Rudi kwa Baba. Amua leo!