Kabla ya Kutia Sahihi

Somo: Wafilipi 1:27-30, 4:2-3

Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Aliwataka wasimame pamoja kwa ajili ya Injili, wala wasitishwe na wanaowapinga. Sura hiyo ya kwanza tumeihubiri sana hapa kanisani kwetu Mapendo tangu waasi wa M23 walipoingia mji wetu wa Goma mwishoni mwa Januari 2025. Lakini tukifika sura ya nne tunapita mbio, maana pale Paulo anawataja kwa majina akina mama wawili wasioelewana, Euodia na Sintike. Tena hao si watu wa pembeni. Walihangaika naye katika kazi ya Injili. Kumbe kanisa lililoambiwa lisimwogope mpinzani wa nje lilikuwa na ugomvi wake ndani, na Paulo hakuona haya kuusema mbele ya wote.

Barua hiyo, inayotutaka tusitishwe na wapinzani, inanikumbusha Floribert Bwana Chui, kijana wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1981. Alikuwa Mkatoliki wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na wakati wake wa ziada aliwafundisha maibobo, yaani watoto wa mitaani, kwenye Shule ya Amani. Kazi yake ilikuwa katika OCC, ofisi ya serikali ya udhibiti wa bidhaa, kukagua zinazovuka mpaka. Mwaka 2007 vikaja vyakula vilivyooza, wenye mzigo wakataka asaini ili vipite. Wakamwahidi pesa, akakataa. Vitisho vikafuata, akakataa. Tarehe 7 Julai alitekwa, akauawa, na maiti yake ikaonekana tarehe 9. Alikuwa na miaka 26.

Angalieni upinzani huo ulivyomjia. Hakuna aliyemwambia amkane Kristo. Waliotaka sahihi yake hawakujali anasali wapi. Kama angesaini, Jumapili angekwenda Misa kama kawaida, na huenda angetoa sadaka nene. Wengi wetu tunangoja siku ya kuulizwa kwa bunduki kama sisi ni Wakristo, na jibu tumeshaliandaa. Wakati huohuo imani inapingwa kwa karatasi iliyowekwa mezani na kalamu juu yake.

Jambo moja katika habari zake hunigusa kuliko yote. Kabla mambo hayajaharibika kabisa, Floribert alizungumza na mtawa mmoja ambaye ni daktari. Alitaka kujua chakula cha namna ile kitawafanya nini watu watakaokila, akamweleza pia shinikizo lililokuwa likimwandama. Yaani ule uthabiti tunaousifu leo haukuwa wa mtu mmoja aliyejifungia na dhamiri yake. Alikuwa na mtu wa kumwendea, na mtu huyo hakumwambia, "Mwanangu, funga macho, kila mtu anakula."

Sisi je? Kijana wa kwaya yetu anayefanya kazi mpakani, akibanwa kesho, atamwendea nani? Naogopa atatuona tumekaa upande huu na upande ule, tukigombea nani ashike hazina ya kanisa, naye atajiondokea kimya. Halafu akinunua vyombo vya muziki, tutamwita mbele tumpigie makofi bila kumuuliza pesa imetoka wapi.

Floribert alitangazwa mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Ibada ilifanyika Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo, maana mji wake mwenyewe haukuwa na hali ya kuipokea. Baadhi ya waumini wetu wameniuliza habari hiyo yatuhusu nini sisi Waprotestanti, tusio na desturi ya kuwatangaza wenyeheri. Nimewajibu kwamba vyakula vile vingeliwa na watoto wetu pia. Nao wanaotuua hawatutengi hivyo: Januari 2023 bomu lililipuka katikati ya ibada ya Wapentekoste kule Kasindi, na Julai 2025 washambuliaji waliingia kwa Wakatoliki waliokuwa wakikesha katika maombi kule Komanda, Ituri. Februari 2025, kama wiki mbili tu baada ya mji kuanguka, wajumbe wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki, na wa ECC, umoja wa makanisa ya Kiprotestanti, walifika hapa Goma pamoja kutafuta amani. Wapo waliowalaumu. Mimi nawashukuru, hasa kwa sababu walikuja kwa safari moja.

Paulo hakuwaacha Euodia na Sintike wajipatanishe wenyewe. Alimwomba mwenzake mmoja awasaidie. Basi wiki hii nimewaomba wazee watatu wa kanisa watoe namba zao za simu kwa vijana wote wanaofanya kazi mpakani, sokoni na maofisini, na nitamwomba padri wa parokia jirani atupatie mtu wa nne. Atakayepiga hataulizwa dhehebu, wala habari zake hazitapelekwa kwenye kikao. Wazee, msizime simu usiku.