Hina, Piko na Sala ya Biharusi

Swali hili huturudia kila uingiapo msimu wa arusi: je, hina ni katika dini, au ni mila tu? Sisi twaona kuwa swali lenyewe halikuwekwa mahali pake.

Kwamba hina ni halali, hapana shaka. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Aaraf, amewakemea wanaoharamisha mapambo aliyowatolea waja wake, na Mtume (S.A.W.) aliisifu hina kwa kubadilishia mvi. Mwanamke aliye katika eda ya kufiwa huambiwa aiwache, nayo ni dalili kuwa hina ni alama ya furaha. Ikiwa mchoro ni wa maua makubwa ya Kiarabu, au ni wa Kihindi uliojaa kama lasi hadi viwikoni, hayo ni ya jicho. Sharia haina neno nayo.

Lakini watu waweza kuligeuza la mubaha likawa faradhi, na la faradhi likawa mubaha. Biharusi huketi tangu alasiri, mikono na miguu imenyoshwa. Magharibi yaingia, Isha yaingia, naye haondoki, kwani akitia udhu ua litaharibika. Mama yupo, somo yupo, shangazi yupo, wala hapana hata mmoja amwambiaye, "Mwanangu, simama usali." Na ni hao hao ambao, lau angalikataa kupakwa hina, wangalisema amewaaibisha mbele za watu. Basi ni lipi waliloliona kuwa la lazima?

Wengine hujitetea kwamba hina huzuia maji. Donge lililo juu ya ngozi huzuia, kweli. Rangi ibakiayo donge likitolewa haizuii, kwani imeingia ngozini wala haina mwili. (Rangi ya kucha ni jambo jingine.)

Piko nayo ina shauri lake. Majani ya mhina hutoa rangi nyekundu au ya hudhurungi. Hayatoi weusi wa makaa kwa nusu saa. Weusi huo aghalabu hutoka katika rangi ya nywele yenye dawa iitwayo parafenilenidiamini, ambayo nchi za Umoja wa Ulaya zimekataza kupakwa ngozini, zikairuhusu katika nywele tu, isizidi sehemu 2 katika 100. Dawa hii yaweza kutoa malengelenge na kuwacha kovu lifuatalo mistari ya ua lenyewe. Na mwili ukisha kuikataa, aghalabu huikataa maisha. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru. Mwenye kumpaka mtoto piko siku ya Idi, naye hajui ndani mna nini, atajibu nini?

Twawaomba wapambaji waanze baada ya Isha. Hina hukolea kwa saa chache, na ikilala usiku hukolea zaidi. Alfajiri donge hubanduliwa, mkono huoshwa, na biharusi husali na ua lake li pale pale.