Bikra, Haya na Kikombe cha Hedhi



Kuna swali ambalo dada zetu wa Yoba hawaliulizi mbele ya ustadhi. Huliuliza baada ya darsa, wakati kila mtu anatafuta viatu vyake mlangoni, tena kwa sauti ya chini: "Dada, hicho kikombe cha hedhi, nikikitumia nitabaki bikra?" Nimelisikia hapa Gitega, nimelisikia kwa jamaa zetu wa Muyinga, na nadhani wasomaji wengi wa kike wa jarida hili wamelisikia pia, au wamelibeba kimya kimya. Maswali mengine juu ya kifaa hiki yana majibu mepesi. Hili ni zito, kwani ndani yake mna swali jingine kubwa zaidi: heshima ya msichana wa Kiislamu inakaa wapi?

Kwa ndugu wasiokijua, nieleze kwa ufupi. Ni kikombe kidogo, laini, cha silikoni ya kitabibu, chenye umbo la kengele. Hukunjwa, huingizwa ukeni, na kikifunguka ndani hukinga damu badala ya kuinyonya kama inavyofanya pedi. Hutolewa kabla ya saa 12 kupita, damu ikamwagwa, kikaoshwa kwa maji safi na kurudishwa. Hedhi ikiisha huchemshwa kwa dakika chache na kuwekwa hadi mwezi unaofuata. Wala si kitu cha juzi: Leona Chalmers, mwigizaji wa Marekani, alisajili ubunifu wake wa kikombe cha mpira mwaka 1937. Kikitunzwa vizuri hudumu hata miaka 10. Msichana anayemaliza pakiti moja ya pedi kila mwezi atanunua pakiti 120 katika muda huo, na wapo wasiotoshelezwa na moja. Anayesoma kwa pesa za kutumiwa na wazazi anaielewa hesabu hii vizuri, hasa mwisho wa mwezi, faranga zilizobaki zinapotosha ama pedi ama fotokopi za masomo.

Kabla ya kufika kwenye bikra kuna kizuizi kingine, nacho ni haya. Tunaambiwa mambo haya hayasemwi. Lakini anayesoma milango ya hedhi katika vitabu vya hadithi atashangaa jinsi yalivyosemwa. Asmaa alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza namna ya kuoga baada ya hedhi, akaelezwa hatua kwa hatua, na mama yetu Aisha (R.A.) akawasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuijua dini yao. Wanawake wa Madina walikuwa wakimpelekea Aisha pamba yenye rangi ya manjano wapate kujua kama wametoharika, naye akiwaambia wasiharakishe. Hamna binti Jahsh alilalamika kwa Mtume kuwa damu yake ni nyingi mno. Akashauriwa atumie pamba. Akasema damu inazidi hapo. Akaambiwa ajifunge. Akasema inazidi hata hapo, akaambiwa atumie nguo. Tazameni yalivyokwenda mazungumzo hayo: kifaa, upungufu wa kifaa, kifaa kingine. Hakuna aliyemwambia mwanamke yule kwamba amevunja adabu.

Ipo pia simulizi katika Sunan ya Abu Daud ya mwanamke wa Banu Ghifar aliyesafiri na jeshi la Khaybar, akaona damu yake kwenye mzigo wa ngamia aliopandishwa, akaona aibu, na Mtume akamwelekeza ajitengeneze kisha aoshe mahali pale kwa maji yenye chumvi. Wataalamu wa hadithi wana maneno juu ya mapokezi yake, kwa hiyo siijengei hukumu. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba Waislamu wa mwanzo waliona si jambo la ajabu kumsimulia Mtume wao akizungumza hivyo na mwanamke aliyejawa na aibu.

Sasa kuhusu kuingiza kitu ndani. Wanachuoni wetu wa Kishafi wanaposimulia namna mwanamke mwenye istihadha anavyojitengeneza kwa ajili ya swala, husema aoshe, kisha aijaze sehemu hiyo pamba, ila ikiwa inamuumiza au amefunga saumu. Katika vitabu vya Kihanafi wapo waliochukia pamba iingizwe yote ndani. Basi jambo lenyewe lilikwishajadiliwa karne nyingi kabla ya silikoni, na waliohitilafiana walihitilafiana kama watu wa elimu. Anayedai kikombe ni "mambo ya Wazungu" yasiyo na mfano katika fikihi yetu hajafungua mlango wa tohara.

Tuje kwenye bikra. Imamu Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho madhehebu yetu imekitegemea kwa zaidi ya miaka 700, anapozungumzia ndoa ya msichana bikra anasema kwamba kuondoka kwa ubikira bila ya kuingiliwa, kwa mfano kwa kuanguka, hakubadilishi hukumu. Msichana huyo bado ni bikra mbele ya sheria. Wahanafi nao husema vivyo hivyo juu ya aliyeruka, aliyejeruhiwa, hata yule ambaye hedhi nzito imemwondolea. Fikirini uzito wa maneno hayo. Watu walioishi katika jamii zilizothamini bikra pengine kuliko yetu waliona kwamba neno lile lina maana ya kitendo: hajaingiliwa na mwanamume. Utando ni dalili tu, tena dalili dhaifu.

Madaktari wa leo wanazidi kuidhoofisha dalili hiyo. Utando huo kwa kawaida una tundu tangu kuzaliwa, vinginevyo damu ya hedhi ingepita wapi? Kwa mmoja ni mpana, kwa mwingine mwembamba, na wapo wasiotokwa na damu usiku wa ndoa ilhali hawajawahi kuguswa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa, lilitaka upimaji wa bikra ukomeshwe kila mahali, kwa kuwa hakuna kipimo cha mwili kinachoweza kuthibitisha kwamba mwanamke ameingiliwa au hajaingiliwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada anayeuliza mlangoni lina sehemu mbili, na sitaki kuificha hata moja. Kikombe kinaweza kuutanua utando huo, na kinaweza kuuchana. Anayekwambia kuwa haiwezekani kabisa anauza kitu. Lakini ubikira wako, kwa maana ambayo dini imeupa, hakiwezi kuugusa.

Najua jibu hilo halitoshi. Mama mmoja mwenye busara ataniambia: sawa mwanangu, lakini mume hajasoma Minhaj, na shangazi anayesubiri habari asubuhi ya pili ya harusi hajasoma pia. Hoja hiyo ni ya kweli, na siwezi kumdharau msichana anayekiacha kikombe kwa sababu yake. Yeye ndiye atakayerudishwa kwao. Mimi mwandishi sitarudishwa popote. Ila tuangalie mzigo huu umewekwa kwa nani. Sheria ya Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nur, inamtaka anayemtuhumu mwanamke mwema alete mashahidi wanne, na asipowaleta ana viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. Sisi tumeichukua ngozi nyembamba tukaifanya shahidi wa tano, shahidi ambaye sheria haikumwita, na ushahidi wake tunaupokea bila kuuliza. Ndugu zangu wa kiume, nyinyi mnaosoma jarida hili ndio mtakaooa miaka michache ijayo. Hofu ya dada yule mlangoni inawahusu nyinyi kuliko inavyomhusu daktari. Kijana akisema mapema, mbele ya mama yake na shangazi zake, kwamba hataki habari yoyote ya shuka, ameondoa zaidi ya nusu ya tatizo hili kwa sentensi moja.

Wapo wanaopinga kwa kanuni ya kuziba njia, sadd adh-dharai: kwamba hata kama kikombe si haramu chenyewe, kinamzoesha msichana na mwili wake na kufungua mlango wa uchafu. Kanuni hiyo ni tukufu na sichezi nayo. Lakini anayetaka kuziba njia lazima kwanza atazame watu wanapita wapi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa magharibi mwa Kenya, ambako wanawake na wasichana zaidi ya 3,000 waliulizwa wanapataje pedi. Wengi wa waliotumia pedi walizipata kutoka kwa wanaume waliokuwa nao kimapenzi. Na kati ya wasichana wa miaka 15 na chini, mmoja katika kila kumi alisema ameshafanya ngono kwa ajili ya pesa ya pedi.

Sisemi Yoba ni kama huko. Sina takwimu za Yoba na sitazibuni. Nasema kwamba njia ya kwenda kwenye zinaa imeonekana, imehesabiwa, na ilipita dukani, penye pakiti ambayo baba hakutoa pesa yake kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwomba. Mzazi anayemkataza binti yake kikombe ili kulinda heshima, kisha asimpe pesa ya pedi, ameziba dirisha na kuacha mlango wazi.

Huko huko magharibi mwa Kenya, katika eneo la Siaya, mwaka 2012 na 2013 wanafunzi wa miaka 14 hadi 16 katika shule 30 za msingi waligawanywa: wengine wakapewa vikombe, wengine pedi, wengine wakaendelea na walivyokuwa wakitumia. Watafiti hawakuona madhara makubwa ya kiafya kwa waliopewa vikombe. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba wasichana hawakukizoea siku ya kwanza. Ilichukua miezi, na waliosaidiwa na wenzao waliendelea. Kwa hiyo dada aliyejaribu mara moja, akaumia, akakitupa kabatini, hajashindwa na wala hana kasoro. Anahitaji mwenzake wa kumwelekeza, na muda.

Mpaka hapa nimekitetea kikombe. Sasa niwageukie wanaokishabikia mno, hasa sisi tunaopenda miradi. Kikombe kinataka maji, sabuni, sufuria isiyopikiwa mboga, moto wa dakika kadhaa, na choo ambacho mtu anaweza kukaa bila mlango kugongwa. Katika nyumba za kupanga za Yoba, familia tatu zinapotumia choo kimoja cha shimo uani, hayo yote ni mapambano. Makaa hununuliwa. Sufuria ikionekana jikoni inaulizwa. Msalaba Mwekundu ulipogawa vifaa vya hedhi mwanzoni mwa miaka ya 2010 katika kambi ya wakimbizi wa Kongo ya Bwagiriza, mkoani Ruyigi, pamoja na pedi waliweka ndoo, sabuni, nguo za ndani na kamba ya kuanikia. Waliofikiria ndoo na kamba walifikiria vizuri. Pedi peke yake ni nusu ya msaada, na kikombe bila maji ni chini ya nusu.

Tena kipo cha katikati. Shirika la hapa nchini, SaCoDé, limetengeneza pedi za kufua na kuziita Agateka, neno ambalo sisi tunaosema Kirundi tunalijua kuwa ni hadhi ya mtu. Kwa msichana mwenye hofu ya bikra ambaye hajamwona bado wa kumtetea, pedi ya kufua inaweza kuwa chaguo bora la mwaka huu, na hakuna dhambi wala ushamba ndani yake. Shida yake ni kuanika. Kitambaa cha hedhi kinataka jua, na wengi hukificha chini ya godoro kikiwa kibichi kwa kuogopa macho ya watu. Hapo haya imegeuka ugonjwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wazo la kutumia mfuko wa sadaka wa jumuiya kununua vikombe na kuvigawa kwa wanafunzi wahitaji kama mbadala wa pedi. Hesabu inapendeza, kwa kuwa pesa zitatosha watu wengi zaidi. Lakini asiye na pesa ataambiwa aingize kitu mwilini mwake kwa kuwa ni rahisi kwa mfuko, na mwenye pesa ataendelea kuchagua. Sadaka inayoingia mahali pa siri namna hiyo iende na ridhaa kamili. Atakayetaka kikombe apewe, apewe na dada wa kumfundisha. Atakayetaka pedi apewe pedi, bila kuulizwa kwa nini. Itagharimu zaidi, na ndugu wa kiume wanaochangia wasione wanatoa kwa jambo lisilowahusu.

Yabaki mambo ya ibada ambayo wengi wameniomba niyaandike. Damu iliyokingwa ndani ya kikombe ni hedhi kama ile iliyo kwenye pedi, kwa hiyo asidhani mtu kwamba nguo ikiwa safi basi aswali. Siku za mwisho akitoe, ajiangalie kwa pamba kama walivyofanya wale wa Madina, asiharakishe. Akitoharika, akitoe kwanza ndipo aoge. Mwenye hedhi hana saumu, kwa hiyo mchana wa Ramadhani kikombe hakimharibii kitu. Mwenye istihadha ni mbali: yeye anafunga, na kwa madhehebu yetu kinachoingizwa ndani mchana kinabatilisha saumu, basi mchana atumie pedi na kikombe akiache hadi baada ya futari. Na aliyewekewa kitanzi cha uzazi amuulize daktari kabla ya kununua, kwa sababu kikombe kinapovutwa kinaweza kukivuta nacho.